Kukata Sauti Bila Kukata Ukweli

(Mazungumzo kwa wajumbe wa vikundi wanaotengeneza vipindi vya redio)

Mliomba niseme juu ya kukata na kusogeza vipande vya sauti kwenye kompyuta. Nitasema kwa ufupi, halafu tujaribu pamoja.

Vikundi kusikika redioni si jambo geni hapa Kenya. Kule Kibwezi, Radio Mang'elete ilianzishwa na vikundi vya akina mama, ikaanza kutangaza mwaka 2004. Siku hizi hata kikundi kidogo chaweza kurekodi kwa simu. Programu tunayotumia ni Audacity, toleo la 3.7. Hainunuliwi; inatolewa bure tangu mwaka 2000.

Kwanza, weka rekodi ya asili kando, usiiguse. Fanyia kazi nakala.

Pili, kukata. Ukifungua nakala utaona sauti imechorwa kama vilima. Palipo tambarare ndipo mtu amenyamaza kidogo. Kata hapo, sio katikati ya neno. Bonyeza hapo kwa mausi, kisha shika Ctrl pamoja na herufi I. Kipande kimoja kimekuwa viwili, na hakuna neno lililopotea.

Tatu, kusogeza. Juu ya kila kipande kuna ukanda wenye jina. Shika ukanda huo kwa mausi, uuvute kulia au kushoto. Kama hakuna nafasi, sogeza kwanza kipande kilicho mbele.

Ukikosea, usiogope. Ctrl na Z itarudisha mambo yalivyokuwa. Lakini ukishafunga kazi yako, huwezi tena kurudi nyuma kwa njia hiyo. Ndiyo sababu nikasema rekodi ya asili iwekwe kando.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye shida. Tuseme mama mmoja amerekodiwa akisema, "Mkopo wa kikundi ulinisaidia kununua ng'ombe. Lakini kiangazi kilipokuja nilishindwa kulipa, nikauza mbuzi wangu watatu." Wewe unataka kipindi kiwe kifupi, unaacha ng'ombe, unatoa mbuzi. Umekata mahali pazuri, sauti inateleza, hakuna atakayejua. Lakini jirani atasikia, atakopa bila kujipima, na mbuzi wake wataenda vilevile. Je, hapo tumesaidia nani?

Kusogeza nako kuna hatari. Ukichukua "hapana" aliyojibu swali moja ukaiweka chini ya swali lingine, umemwekea mwenzako maneno mdomoni. Sauti ni yake, lakini uwongo ni wako.

Kwa hivyo toeni kikohozi, toeni kelele ya jogoo, toeni maneno yaliyorudiwa. Jibu likae na swali lake, na "lakini" ya mtu isiachwe nje. Kisha, kabla ya kupeleka kipindi redioni, mwiteni mwenye sauti asikilize mpaka mwisho. Akisema, "Hivyo sivyo nilivyosema," rudini kwenye rekodi ya asili. Hata kama gari linangoja, haraka haraka haina baraka.

Haya, mama mmoja aje mbele ashike mausi.