Kura ya Mwanafunzi ni Wajibu Wetu Sote

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Mirongo, Mwanza



Nimeombwa nizungumze juu ya vijana wetu wa vyuo vikuu na wajibu wao wa kupiga kura. Ningeweza kuwahimiza wao tu, kisha nikakaa. Lakini wanaonisikiliza leo ni ninyi: wazazi, wenye nyumba za kupangisha, viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo. Kwa hiyo nitaanza na sisi.

1. Mwanafunzi ni mkazi

Wapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kule Malimbe. Wapo na wa Bugando, jirani zetu. Wengi wamepanga vyumba mitaani. Wanavuka Mto Mirongo wenye taka kama sisi, na maji yakifurika hayamwulizi mtu kama ni mwenye nyumba au mpangaji. Hata hivyo twawaita wageni. Kodi yao twaipokea. Rai yao hatuiulizi.

Nabii Yeremia aliwaandikia Waisraeli waliokuwa uhamishoni Babeli, akawataka wautakie amani mji ule, maana katika amani yake wao nao wangepata amani. Ikiwa hilo liliwapasa mateka, sembuse kijana aliye katika nchi yake mwenyewe?

Katiba yetu, ibara ya 5, inampa kila raia aliyetimiza miaka 18 haki ya kupiga kura. Ibara ya 21 inampa haki ya kushiriki katika shughuli za utawala wa nchi. Nalo Kanisa, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, linatufundisha kwamba kura ni haki na ni wajibu kwa ajili ya manufaa ya wote.

2. Kura hupotea kabla ya siku ya kura

Mwaka 2010 wanafunzi wengi walijiandikisha vyuoni. Kisha ufunguzi wa vyuo ukasogezwa hadi baada ya uchaguzi wa tarehe 31 Oktoba. Siku ya kura ilipofika, kijana yuko nyumbani kwao Bukoba au Musoma, na jina lake limebandikwa kituoni karibu na chuo. Mwaka huo, kati ya watu milioni 20 walioandikishwa, waliopiga kura hawakufika milioni 9. Sisemi kwamba sababu ilikuwa hiyo peke yake. Lakini kura za vijana wale zilipotea bila wao kupenda.

Basi tujue mambo mawili. Kwanza, Daftari la Kudumu la Wapiga Kura huboreshwa mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine. Huo ndio wakati wa kuhamisha taarifa kwa aliyebadili makazi. Pili, uchaguzi wa serikali za mitaa una orodha yake ya pekee. Mwaka 2024 wako waliodhani kwamba kadi ya mpiga kura yatosha, wakaliacha zoezi la Oktoba likapita. Tarehe 27 Novemba hawakuwa na kura.

3. “Kura ya nini, Padre?”

Swali hili nimeulizwa na vijana, nami sitalikwepa. Katika uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 chama kikuu cha upinzani hakikuwa na mgombea katika karatasi ya kura. Siku ile na siku zilizofuata watu waliuawa, intaneti ilizimwa, na ufunguzi wa vyuo ukaahirishwa. Mwezi Novemba maaskofu wetu walilaani mauaji hayo. Siwezi kumwambia kijana kwamba uchungu wake hauna sababu.

Ninachomwambia ni hiki: uraia haukuanza siku ya kura, wala hauishi siku hiyo. Anayedai uchaguzi wa haki anatimiza wajibu wa raia. Anayeingia katika mkutano wa wakazi wa mtaa, akauliza kwa adabu fedha za usafi wa mto zimekwenda wapi, anatimiza wajibu huo huo. Tukiwaacha vijana wakate tamaa, nafasi yao haitabaki wazi. Itakaliwa na wanaopenda tusiulizwe wala tusiulize. Wala tusiwatume vijana mahali ambapo sisi wazee twaogopa kukanyaga. Twende nao.

4. Tufanye nini?

Kila Jumuiya iwajue wanafunzi wanaoishi katika eneo lake, Wakatoliki na wasio Wakatoliki. Mwenye nyumba amjulishe mpangaji wake siku ya mkutano wa mtaa na siku za kujiandikisha. Viongozi wa wanafunzi wakumbushane kalenda ya chuo na ya uchaguzi kabla hazijagongana. Na tusimwambie mtu amchague nani. Hiyo ni kazi ya dhamiri yake. Asiwepo wa kuinunua kwa fulana wala kwa soda.

Uchaguzi wa mitaa ujao ni wa mwaka 2029, na uchaguzi mkuu ni wa mwaka 2030. Kijana anayeingia kidato cha tano leo atakuwa mpiga kura. Tuanze sasa.

Maswali ya Jumuiya

1. Ni wanafunzi wangapi wanaishi katika mtaa wetu? Twawajua kwa majina?
2. Mara ya mwisho tulihudhuria lini mkutano wa mtaa? Tuliuliza nini?
3. Kijana aliyekata tamaa tutamjibuje, bila kumdanganya?

Mungu awabariki.