Stika ya Bima Siyo Fidia



Mtu akigongwa na gari, swali la kwanza baada ya kumfikisha hospitali ni kama gari lile lina bima. Jibu likiwa ndiyo, wengi hushusha pumzi wakidhani shauri limekwisha. Yaliyowapata jirani zetu yanaonyesha kwamba mara nyingi hapo ndipo shauri linapoanza.

Tuitazame Kenya. Sheria ya nchi hiyo ya bima ya magari, Sura ya 405, inamlazimisha mwenye gari kukata bima kwa faida ya mtu wa tatu, yaani mpita njia au abiria wa gari la biashara anayeumizwa. Inaitaka pia kampuni ya bima ilipe hukumu iliyotolewa dhidi ya mteja wake. Lakini sheria hiyo hiyo imeweka kikomo cha shilingi 3,000,000 za Kenya kwa kila anayedai. Kwa mfano, mahakama ikimpa majeruhi aliyevunjika uti wa mgongo shilingi 5,000,000, sheria haiibani kampuni kwa zile 2,000,000 zinazozidi. Zinamwangukia mwenye gari. Naye akiwa hana kitu, majeruhi hubaki na hukumu mkononi, na hukumu hainunui dawa.

Hilo ni pengo lililomo katika sheria. Liko pengo la pili, ambalo chanzo chake ni nia mbaya. Kampuni yenye hila hupokea ada kwa furaha, na siku ya dai huanza kutafuta sababu za kutolipa: notisi ilichelewa, au gari la nyumbani lilibeba abiria wa kulipa. Zipo sababu za haki, na sheria inairuhusu kampuni kwenda mahakamani ikiwa mteja alificha ukweli alipokata bima. Lakini sababu inayotafutwa kwa makusudi ya kumchosha mdai ni dhuluma. Mjane aliyekwisha kumshinda mwenye gari hulazimika kufungua kesi ya pili dhidi ya kampuni. Miaka hupita, ada za shule hukosekana, na mwishowe hukubali sehemu ndogo tu ya haki yake.

Pengo la tatu ni kampuni yenyewe kuanguka. Kampuni ya United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi wa kisheria mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011. Zote mbili zilikuwa zimekatia bima matatu nyingi. Wadai wakaambiwa wasubiri, na wenye magari waliolipa ada zao kwa uaminifu wakajikuta wakiandamwa wao wenyewe.

Uganda nako, sheria ya mwaka 1989 iliweka fidia ya shilingi 1,000,000 za Uganda kwa mtu mmoja. Thamani ya fedha ilishuka mwaka hata mwaka, lakini tarakimu ile ikabaki pale pale kwa miongo kadhaa.

Haya yanatuhusu sisi pia. Magari huvuka Namanga, Holili, Horohoro, Sirari na Mutukula kila siku. Chini ya mpango wa Kadi ya Njano, ulioanza mwaka 1987, na ambamo Tanzania, Kenya na Uganda zimo, fidia hufuata sheria ya nchi ilikotokea ajali. Askari wetu aliye likizo, akiumia ndani ya basi njiani kwenda Nairobi au Kampala, atafidiwa kwa kipimo cha huko.

Hapo ndipo unapoonekana uzito wa kazi ya askari wa usalama barabarani. Kampuni yenye hila hutafuta kwanza kasoro katika taarifa ya polisi. Namba ya stika ikikosewa tarakimu moja, jina la abiria likiachwa, au mchoro wa ajali ukichorwa bila vipimo, kampuni imefunguliwa mlango wa kutokea. Fomu ya PF3 ikichelewa, majeruhi atapata taabu kuthibitisha kwamba jeraha lake ni la ajali ile. Na askari anayepokea chochote ili apindishe taarifa amemwibia mtu asiyeweza hata kusimama.

Kwa hiyo tusitosheke kuiona stika. Namba yake ihakikiwe katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, kwani gari lenye stika ya bandia halina bima. Nao wenye sheria katika nchi zetu hawana budi kuvipitia viwango vya fidia kila thamani ya fedha inapobadilika.

Bima ni ahadi, na wahenga walisema ahadi ni deni. Ushahidi wa kwanza wa deni hilo huandikwa na askari, kando ya barabara, siku ile ile ya ajali. Auandike kwa ukamilifu na kwa haki.