Nusu ya Chombo, Nusu ya Watu: Baharia wa Jahazi na Sheria Iliyomwacha Ufukoni

Huenda mkajiuliza kwa nini habari za mabaharia ziletwe hapa Mwenge, Dar es Salaam, mahali ambapo bahari haionekani. Mwenge inajulikana kwa wachonga vinyago na kwa daladala, na nitaanza na hizo daladala. Dereva wa daladala huamka na deni. Deni hilo linaitwa hesabu: kiasi kilichokwisha kupangwa, ambacho lazima kimfikie mwenye gari jioni, abiria wawe wengi au wachache, foleni iwepo au isiwepo. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho cha dereva na konda. Matteo Rizzo, ambaye kitabu chake juu ya usafiri wa Dar es Salaam kilitoka mwaka 2017, ameonyesha jinsi mpango huu unavyozaa saa nyingi za kazi, mwendo wa kasi na kujaza abiria kupita kiasi. Hatari ya siku mbaya inabebwa na watu wawili wasiomiliki hata tairi moja. Sasa tushuke bandari ya majahazi pale Malindi, katikati ya jiji hilihili, tutazame mapatano ya watu wanaoendesha chombo cha usafiri kilichotangulia gari kwa karne nyingi. Hoja yangu ni moja. Jahazi halikudumu kwa sababu upepo hauna bei. Limedumu kwa sababu ya mgawo. Na sheria ya kimataifa ya kazi imekosea kulitazama kama kumbukumbu ya kale, wakati ni mahali ambapo watu wako kazini leo.

Mgawo ni nini? Safari ikiisha na mzigo ukishateremshwa, nauli yote huwekwa pamoja. Kwanza hutolewa gharama za safari: posho ya chakula, ushuru wa bandari, na matengenezo madogo ya njiani. Kinachobaki hugawanywa, na kanuni iliyozoeleka ni nusu ya chombo na nusu ya watu, ingawa vipimo hutofautiana bandari kwa bandari. Katika nusu ya watu, nahodha hupata fungu kubwa kuliko baharia wa kawaida, serahangi, msaidizi wake, humfuatia, na kijana anayepika huku akijifunza kazi hupata pungufu. Upepo ukikatika wiki nzima, au mzigo ukiwa haba, fungu la mwenye chombo nalo hupungua. Hapo ndipo jahazi linapoachana na daladala: hakuna mtu mmoja aliyekaa nchi kavu akisubiri kiasi kisichobadilika.

Kwa nini watu wa pwani walichagua njia hii badala ya mshahara? Jibu liko kwenye kazi yenyewe, na kazi hiyo inafaa kutazamwa kwa karibu. Tanga la jahazi huning'inizwa kwenye foromali, mti ambao mara nyingi ni mrefu kuliko mlingoti unaoubeba. Chombo kikihitaji kupokea upepo kwa upande mwingine, tanga lote lazima lihamishwe. Nahodha hugeuza tezi, yaani nyuma ya chombo, siyo omo, yaani mbele yake, ipite upepo. Aliyeshika demani, kamba ya kuvutia tanga nyuma, huilegeza mpaka tanga linapepea mbele kama bendera kubwa. Wengine huvuta foromali isimame wima sambamba na mlingoti, huku wenzao omoni wakiikumbatia ncha yake ya chini na kuipitisha mbele ya mlingoti hadi upande wa pili. Kamba za foromali, yaani hamarawi, zinahamishwa, kamba ya pembe ya mbele ya tanga, yaani joshi, inafungwa upya, demani inazungushwa na kuvutwa nyuma, na tanga linajaa tena kwa kishindo. Yote haya hufanyika sakafu ikiwa imelowa, boriti au magunia yamejaa hadi juu, na pengine ni usiku. Mwenye demani akichelewa kidogo, upepo hulikandamiza tanga kwenye mlingoti, na chombo kinaweza kulala na kupinduka. Wakati huo nahodha yuko tezi na hawezi kumsimamia kila mtu. Kila mmoja lazima ajue nafasi yake na ya jirani yake, na aitimize bila kusukumwa. Ndivyo ilivyo pia kwa kufua maji ngamani, chini kabisa ya chombo, usiku wa manane, na kwa kukesha na usukani huku wenzako wamelala. Kazi ya namna hii hainunuliki kwa ujira wa siku. Hupatikana pale anayeifanya anapojua kwamba mzigo ulio chini ya miguu yake una sehemu yake.

Historia inaunga mkono hoja hii. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na mwaka 1872 meli za moshi za kampuni ya British India zikaanza safari za kawaida kuja Unguja. Wakubwa wengi wa wakati ule waliamini kwamba majahazi yalikuwa yamebakiza miaka michache tu. Mwanahistoria Erik Gilbert, katika utafiti wake juu ya majahazi na uchumi wa kikoloni wa Zanzibar kati ya 1860 na 1970, anaonyesha kinyume chake: yaliendelea kubeba vyakula, boriti, chokaa na bidhaa za watu wa kawaida, tena pembeni ya hesabu za serikali. Meli ya moshi ilihitaji makaa, ratiba na mshahara wa kila mwezi hata ikiwa tupu. Jahazi liliweza kungoja. Mzigo ukikosekana gharama yake hushuka, kwa kuwa watu wake wameungana na mwenye chombo katika hasara kama walivyoungana naye katika faida.

Kungoja huko kuna uzito mkubwa kuliko wa fedha. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotangaza upepo mkali na mawimbi makubwa, tangazo humfikia nahodha kwa redio au simu. Kulisikia si shida. Shida ni kama ana uwezo wa kulitii. Nahodha anayedaiwa hesabu ya kila siku atatazama mbingu na kujidanganya. Nahodha wa mgawo anaweza kubaki amefunga gatini mpaka upepo wa kusi upungue, na hakuna atakayemnyang'anya usukani kwa hilo. Sisemi kwamba mgawo huponya kila tamaa. Nauli ikiwa ya mgawo, mzigo mkubwa ni fungu kubwa, na kuna vyombo vilivyozama kwa kujazwa mno. Hapo panahitajika mkaguzi, na sina la kutetea.

Wako watakaonipinga kwa ushahidi mzito zaidi, nao ni deni. Baharia Mwaustralia Alan Villiers alisafiri na jahazi la Wakuwait msimu wa 1938 na 1939, likapita Lamu, Mombasa na Unguja hadi delta ya Rufiji kupakia boriti. Aliona kwamba mabaharia waliwadai manahodha kidogo na kudaiwa nao sana: walichukua malipo ya awali kuziachia familia zao, nahodha naye akadaiwa na tajiri, na mwisho wa msimu fungu lilimezwa na deni. Kabla ya hapo, katika karne ya 19, wako watumwa waliofanya kazi baharini huku mabwana zao wakichukua fungu lao au sehemu yake. Ukweli huu hauwezi kufunikwa kwa sifa za ushirika. Lakini tuutazame vizuri. Kilichomfunga baharia hakikuwa kugawana nauli. Kilikuwa mkopo ulioandikwa na upande mmoja, katika daftari ambalo mdaiwa hakuliona. Na dawa yake ilikwisha kujaribiwa. Katika miaka ya 1920 huko Bahrain, mageuzi yaliyosukumwa na Waingereza yaliagiza kila mzamia lulu awe na daftari lake la hesabu, na malipo ya awali yakawekewa ukomo. Manahodha walilalamika, na ukomo huo wa malipo uliwaudhi hata wazamiaji wenyewe, wakaleta ghasia mwaka 1932. Hata hivyo, biashara ya lulu haikuuawa na daftari. Iliuawa na lulu za kufugwa za Japani na mdororo wa uchumi wa dunia.

Sasa turudi kwenye sheria. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, uliopitishwa na Shirika la Kazi Duniani mjini Geneva, unampa baharia mkataba wa kazi ulioandikwa, saa za kupumzika, chakula bila malipo na haki ya kurudishwa kwao. Ibara yake ya pili inasema unahusu meli zote za biashara, kisha inatoa nje vyombo vya muundo wa jadi, na majahazi ya bahari yetu yametajwa humo kwa jina. Mkataba wa usalama wa maisha baharini wa mwaka 1974 nao unaviacha nje vyombo visivyo na mashine, na vile unavyoviita vya mbao vya muundo wa kale. Hoja inayotolewa ni kwamba mtu wa mgawo ni mbia, hana mwajiri, basi sheria ya kazi haimhusu. Hoja hiyo ilikanushwa na Shirika la Kazi Duniani lenyewe mwaka mmoja baada ya mkataba wake wa 2006. Mkataba wa 2007 juu ya kazi za uvuvi unamtambua wazi mvuvi anayelipwa kwa fungu la samaki, na unataka fungu hilo na namna ya kulikokotoa viandikwe katika mapatano yake. Kwa hiyo mtu akivua kwa mgawo analindwa, na akibeba saruji kwa mgawo haonekani. Sijaona mantiki inayoweza kutetea tofauti hiyo.

Wengine watasema kwamba kanuni nyingi zitaviua vyombo vidogo, na kwamba majahazi yenyewe yanafungwa mashine, basi tusihangaike na kitu kinachopita. La kwanza lina uzito, ndiyo maana siombi jahazi lipewe masharti ya meli ya makontena. La pili halina. Jahazi likifungwa mashine linabaki na watu walewale, mzigo uleule na mgawo uleule, ila dizeli imeongezwa kwenye gharama zinazotolewa kwanza, na wanaoweza kupunjwa katika hesabu hiyo ni mabaharia.

Ninachoomba ni karatasi moja. Shirika la Wakala wa Meli Tanzania (TASAC) kwa upande wa Bara, na Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa upande wa Zanzibar, tayari zinavishughulikia vyombo. Basi kila jahazi linapoondoka liwe na orodha iliyoandikwa kwa Kiswahili: jina la kila baharia, fungu lake, gharama zitakazotolewa kabla ya mgawo, na deni lake kama lipo, nakala moja ikibaki bandarini na moja mikononi mwake. Wanasheria wetu wa chuo kikuu waiandike rasimu hiyo wakiwa wamekaa na manahodha, kwa kuwa vipimo vya Pemba, Mafia na Kilwa manahodha ndio wanaovijua. Na chombo kikizama, familia ziwe na mahali pa kwenda kuthibitisha kwamba baba yao alikuwamo.