Mgongo wa Mkulima na Uzito wa Gunia

Maelezo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Katika vitabu vya chama huandikwa mizani, magunia na maturubali, pamoja na bei ya kila kimoja. Mgongo wa mwanachama hauandikwi popote, ingawa ndio uliobeba mazao yote yaliyofika ghalani. Unapochakaa, shamba hupungua na makusanyo hupungua. Kwa hiyo jambo hili lisiachiwe hospitali peke yake.

Uti wa mgongo una pingili 24 zinazojongea: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Kati ya pingili hizo imo mito ya gegedu inayopokea kishindo, na kwa nyuma vimo viungo vidogo vilivyofunikwa gegedu laini ili mifupa isisagane. Umri unapoendelea, mito hupungua unene, gegedu hulika, na mfupa huota vijino pembezoni. Wengi huiita hali hiyo baridi yabisi na kuilaumu baridi ya alfajiri. Lakini vyanzo vyake ni umri, urithi, unene wa mwili, majeraha ya zamani, na miaka mingi ya kuinama na kuinua mizigo mizito.

Mgonjwa huamka amekakamaa, naye kwa kawaida hulegea kabla ya nusu saa kupita. Maumivu huzidi kwa kazi na hupungua kwa mapumziko. Picha ya eksirei pekee haitoshi kutoa hukumu, kwani watu wazima wengi huonekana na uchakavu katika picha, nao hawaumwi kabisa.

Gegedu iliyolika hairudi, lakini maumivu huweza kupunguzwa. Kosa kubwa ni kulala kitandani kwa majuma, maana misuli hulegea na pingili hukosa tegemeo. Mgonjwa atembee kila siku kwa kadiri ya uwezo wake, aimarishe misuli ya tumbo na mgongo, akande kwa maji ya moto, na apunguze uzito ikiwa amenenepa. Dawa kama diklofenaki na ibuprofeni hutuliza, lakini kuzimeza kila siku bila ya ushauri wa mganga huleta vidonda vya tumbo, hudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu.

Zipo dalili zisizongoja. Miguu ikipoteza nguvu, mkojo au choo kikishindwa kuzuilika, au ganzi ikiingia kati ya mapaja, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu yanayofuatana na homa, jasho la usiku na kukonda nayo yapimwe upesi, kwa kuwa kifua kikuu huweza kushambulia uti wa mgongo.

Sasa ni zamu ya chama. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza kwamba mwanamume mzima asibebeshwe peke yake zaidi ya kilo 55. Gunia la lumbesa hupita kilo 100. Hivyo lumbesa humwibia mkulima mara mbili: kwanza katika mizani, kisha katika mgongo wake. Chama kifungashe mazao kwa kilo 50, kinunue toroli, na kijenge jukwaa lenye kimo cha sakafu ya lori. Mchukuzi naye akunje magoti badala ya kiuno, akumbatie mzigo karibu na kifua, na ageuke kwa miguu. Katibu anayeshinda kitini ainuke na kujinyoosha mara kwa mara.

Gharama ya toroli huonekana mara moja katika hesabu. Gharama ya kukosa toroli hulipwa na mwanachama mmoja mmoja, nyumbani kwake, kwa miaka yote iliyobaki. Kila kamati iliweke jambo hili katika ajenda kabla ya msimu kufunguliwa.