Anayeitwa Usiku: Huduma za Kijiji na Usalama wa Raia, Kutoka Piyaya hadi Samunge

Halmashauri ya wilaya inapopata kibali cha kuajiri Mtendaji wa Kijiji, tangazo lake karibu kila mara huwa na maneno yaleyale. Mtendaji ndiye mtendaji mkuu wa serikali ya kijiji. Anasimamia ulinzi na usalama wa raia na mali zao. Ni mlinzi wa amani, katibu wa mikutano, mtunza nyaraka, mwandishi wa taarifa za utekelezaji na mpokeaji wa malalamiko ya wananchi. Anatakiwa awe amemaliza kidato cha nne au cha sita na awe na astashahada. Pikipiki haitajwi.

Mhadhara huu unamhusu mtu huyo na kijiji kinachomzunguka. Mihadhara mingi kuhusu huduma za mji na usalama wa raia huanzia kwenye jiji: taa za barabarani, magari ya taka, kituo cha polisi kila baada ya mitaa kadhaa. Huu unaanzia Piyaya, kata ya wafugaji wa Kimaasai katika Wilaya ya Ngorongoro, kwenye tambarare zinazopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti upande wa mashariki. Hospitali ya Wasso iko mbali, na wilaya yenyewe ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 14,000. Mahali kama hapo, kinachohesabika kuwa huduma ya usalama huonekana wazi, kwa sababu kila kimoja kina umbali wake unaojulikana: maji, zahanati, barabara, mtandao wa simu, malisho. Kikikosekana kimoja, kuna mtu anayeumia.

Wilaya hii haikusubiri sheria ya Dodoma ili ijue utawala wa mji. Wabatemi wa Sonjo, majirani wa Wamaasai upande wa mashariki, waliishi katika vijiji vilivyozungushiwa uzio wenye malango yaliyolindwa, na mashamba yao yalimwagiliwa kwa mifereji kutoka kwenye chemchemi. Robert Gray, aliyechapisha utafiti wake juu yao mwaka 1963, alieleza jinsi baraza la wazee waitwao wenamiji lilivyogawa zamu za maji na kuwaadhibu walioiba zamu ya mwenzao. Kwa wazee hao maji na ulinzi vilikuwa shauri la baraza moja. Mvunja zamu alikuwa mhalifu kama mvunja uzio, na aliyeamua kesi yake alikuwa anaufahamu mfereji kwa kuukanyaga.

Serikali ya kisasa ilitenganisha mambo hayo, kisha ikayatenganisha zaidi. Mwaka 1972, katika mpango wa Madaraka Mikoani, Tanzania Bara ilivunja halmashauri na kuhamishia kazi zake kwa watumishi wa serikali kuu waliokaa mikoani. Huduma za miji zilidorora upesi mno, hata halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978. Zile za wilaya zilirudi kwa Sheria Namba 7 ya 1982, ambayo hadi leo ndiyo msingi wa kijiji: mkutano mkuu wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, na halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25, pamoja na kamati zake, mojawapo ikiwa ya ulinzi na usalama.

Baada ya hapo huduma zilianza kuondoka tena, safari hii moja moja. Zimamoto ilikuwa mikononi mwa halmashauri. Sheria ya 2007 ikaipeleka kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Barabara za vijijini na mijini zilihamia kwa wakala wa serikali, TARURA, mwaka 2017. Maji ya vijijini yalihamia kwa wakala mwingine, RUWASA, mwaka 2019. Kila uhamisho ulikuwa na sababu zenye nguvu, na wahandisi waliokusanywa mahali pamoja wanaweza kufanya kazi ambayo halmashauri maskini isingeiweza kamwe. Lami ya kilomita 49 kati ya Wasso na Sale ni mali kwa mgonjwa yeyote anayepitishwa hapo. Hata hivyo mwananchi hakuhama na huduma. Pampu ikiharibika Piyaya, korongo likikata njia, zizi likiungua, anayegongewa mlango ni yuleyule mtendaji, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Wanabaki na muhuri, daftari na simu ya mkononi ya kuwapigia watu wa taasisi ambazo hazina ofisi pale.

Wilaya ya Ngorongoro ilishuhudia hadharani, mbele ya dunia nzima, kinachotokea watu wakizidi huduma. Mapema mwaka 2011 habari zilienea kwamba mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mizizi ya mugariga kijijini Samunge kwa shilingi 500. Magari yalifika kutoka kila mkoa, yakafuata ya Kenya na Uganda, na wenye uwezo wakaja kwa helikopta. Kufikia mwisho wa Machi vyombo vya habari viliripoti foleni iliyopita kilomita 20 na vifo vya zaidi ya watu 50 waliokuwa wakisubiri, wengi wao wagonjwa waliotolewa hospitalini.

Iwapo kikombe kile kiliponya ni swali la mhadhara mwingine. Hapa Samunge inahesabika kama mji. Katika wiki chache kijiji kile kilipokea umati wa manispaa bila choo cha kutosha, bila maji, bila taka kuzolewa, bila mahali pa kulaza maiti. Watu walilala kwenye magari na pembeni mwa barabara ya vumbi, mbele yao mama lishe wakiuza chai na chapati, nyuma yao vichaka vikiwa ndiyo vyoo. Polisi walipopelekwa kupanga foleni, walichokuta kilihitaji zaidi mabomba, vyoo na gari la wagonjwa. Mwasapile mwenyewe ilibidi aombe watu wapya wasije hadi Aprili Mosi ili waliokuwepo wapungue. Waliokufa kwenye foleni ile waliuawa kwa sehemu na maradhi yao, na kwa sehemu na kukosekana kwa vitu ambavyo afisa afya wa kata yoyote angeviorodhesha kwenye karatasi moja.

Usiku wa kawaida Piyaya hauna umati. Una zizi la miiba, mbwa wanaobweka, na simba au fisi anayetafuta upenyo. Morani na tochi zao ndio doria. Mnyama akiingia na kuua, sheria inatambua hasara hiyo: Kanuni za mwaka 2011, zilizotungwa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2009, ziliweka malipo ya kifuta jasho kwa mazao na mifugo, na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Kwa maisha ya binadamu kanuni hizo ziliweka shilingi milioni 1. Ili malipo yatoke, mwenye hasara anatoa taarifa kijijini, afisa wanyamapori anakuja kukagua, fomu zinajazwa wilayani na kupelekwa wizarani. Wakati huo mzoga unaoza au unaliwa. Mfumo wote unategemea kijiji kiandike upesi na vizuri, tena siku hiyohiyo, na kijiji ndicho chenye vitendea kazi vichache kuliko ngazi zote.

Kuna mifano ya kazi iliyofanyika kwa kumwanzia mwenyeji. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, shirika la KopeLion lililoanzishwa mwaka 2011 huajiri vijana wa Kimaasai waitwao ilchokuti. Wanafuatilia simba, wanawatahadharisha wachungaji kundi likiwa karibu, wanatafuta mifugo iliyopotea na kusaidia kuimarisha mazizi. Wengine walikuwa wawindaji wa simba. Kwa uzazi, mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, umempa mama mjamzito namba 115 ya bure. Mpokeaji wa simu akikosa gari la wagonjwa, anamtafuta dereva jamii, mwenye gari lake mwenyewe, anayelipwa kwa simu baada ya kumfikisha mama kituoni. Mpango huo unastahili sifa zote unazopewa. Unahitaji mnara wa simu unaoshika na njia inayopitika masika, na hapo shauri linarudi kwa taasisi za mbali.

Polisi nao wamejaribu kusogea. Polisi jamii ilianza mwaka 2006, wakati Said Mwema alipokuwa Inspekta Jenerali, na baadaye wakaguzi wakapangiwa kata. Kabla yao walikuwepo sungusungu, waliozaliwa Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kutambuliwa kisheria mwaka 1989. Historia yao inaonyesha pande mbili: wezi wa ng'ombe walipungua, na pia watu walipigwa na kufukuzwa, wakiwemo wanawake wazee walioitwa wachawi. Ulinzi wa jamii unahitaji mahali pa kukatia rufaa, na mahali hapo ni mkutano wa kijiji uliojaa, wenye kumbukumbu zilizoandikwa.

Ndiyo maana uhai wa kijiji chenyewe ni suala la usalama. Juni 2022 serikali iliweka vigingi kwenye kilomita za mraba 1,500 za Loliondo na Sale, ikisema inalinda vyanzo vya maji na mazalia ya wanyamapori. Baadaye eneo hilo likawa Pori la Akiba Pololeti. Piyaya ni kati ya vijiji 14 vilivyoguswa. Wakazi walidai ni ardhi ya vijiji vyao na malisho yao ya lazima. Askari polisi mmoja aliuawa kwa mshale, wakazi walijeruhiwa, wengine kwa risasi, na wengi wakavuka mpaka kwenda Narok, Kenya, kutafuta matibabu na hifadhi.

Malisho hayo yana uhusiano wa moja kwa moja na afya ya mifugo. Nyumbu wanapozaa kwenye nyasi fupi, ndama wao hueneza virusi ambavyo haviwadhuru wao ila huua ng'ombe, ugonjwa ambao Wamaasai wanauita ingati. Kinga ya kale ni kuwahamisha ng'ombe miezi hiyo. Familia isiyo na pa kuhamia inabaki kuchagua kati ya ugonjwa na faini ya kuchungia ndani ya pori la akiba.

Miaka miwili baadaye, Agosti 2024, tangazo la serikali namba 673 lilifuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 katika Tarafa ya Ngorongoro. Maelfu ya watu waliingia barabarani, na Agosti 22 Mahakama Kuu Arusha ikasitisha utekelezaji wake. Piyaya haikuwemo kwenye orodha hiyo, lakini kila mtendaji wilayani aliielewa. Kijiji kikifutwa hakuna mwenye muhuri wa kuthibitisha hasara ya mtu, wala wa kuandika barua ya mgonjwa, wala mkutano wa kumhoji mgambo aliyezidisha mkono. Pande zote za mgogoro huo, hata zile zinazotaka hifadhi ipanuliwe, zinamhitaji mtu wa kuandika taarifa usiku.

Fedha ziko wapi? Kodi ya maendeleo na ushuru mwingi mdogo vilifutwa mwaka 2003, na miongozo ikataka halmashauri zirejeshe vijijini asilimia 20 ya mapato yao ya ndani. Kila diwani anaujua mwongozo huo. Madiwani wanapopitisha bajeti, mstari huo ungestahili kusomwa kwa sauti, kijiji kwa kijiji, pamoja na kiasi kilichofika mwaka uliotangulia. Redio ya mawasiliano, mafuta ya pikipiki na daftari lisilolowa mvua ni vitu vya bei ndogo kuliko semina moja ya siku mbili mjini Arusha.

Kwamba fedha ndogo zikifika kijijini zinaokoa maisha, ushahidi wa karibu zaidi unatoka kwa mbwa. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, uliohusishwa na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka Serengeti, uliua karibu theluthi moja ya simba wa hifadhi. Kichaa cha mbwa nacho kilikuwa kikiua watu; utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria vifo takriban 1,500 kwa mwaka Tanzania. Kampeni za chanjo zilizoanza upande wa magharibi katika miaka ya 1990 zilienezwa baadaye hadi Loliondo. Siku ya chanjo, watoto ndio huwaleta mbwa, wamewafunga kamba shingoni, wengine wakiwaburuta, wengine wakiwabeba. Mchanjaji hukunja ngozi ya shingo, anadunga, anaandika cheti. Kiwango kinachokusudiwa ni asilimia 70 ya mbwa wote, na hakifikiwi kama mwenyekiti wa kitongoji hajapita kila boma jioni iliyotangulia kutangaza siku.

Aliyeng'atwa naye anatakiwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi sindano. Dakika 15 za maji yanayotiririka ni nyingi mahali ambapo ndoo imebebwa na punda kwa saa kadhaa. Lengo la dunia ni kumaliza vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Kwa Piyaya lengo hilo lina sehemu nne: mbwa waliochanjwa, bomba linalotoa maji, sindano iliyomo kwenye jokofu la zahanati, na barabara ya kumfikisha Wasso aliyechelewa. Leo zinagawanyika kati ya mifugo, RUWASA, afya na TARURA, kila mmoja na bajeti yake na mwaka wake wa utekelezaji, na anayetarajiwa kuziunganisha ni mtendaji wa kijiji.