Ndugu Aliyemhukumu Ndugu

Somo: Warumi 14:4-10



Leo twawaza habari za ndugu wawili wa tumbo moja, Peter na Frederick Muhlenberg wa Marekani. Baba yao alikuwa mchungaji wa Kilutheri, na wote wawili wakawa wachungaji.

Mwaka wa 1776, Wamarekani walipokuwa wakipigania uhuru kutoka kwa Waingereza, Peter aliacha kanisa lake huko Woodstock, Virginia, akawa kanali wa jeshi. Husimuliwa kwamba alivua joho mimbarani na sare ya askari ikaonekana chini yake. Lakini hayo yaliandikwa miaka mingi baada ya kufa kwake, nasi hatuyategemei. Lililo hakika ni kwamba nduguye hakupendezwa. Frederick, mchungaji mjini New York, alimkemea kwa barua, kwamba mtu hawezi kuhubiri na kupigana kwa wakati mmoja. Peter akajibu kwamba mchungaji naye ni raia, na uhuru ni wa thamani kwake kama kwa mtu yeyote.

Mwaka huo huo majeshi ya Waingereza yaliikaribia New York, na Frederick akalazimika kuliacha kanisa lake na kuondoka. Mwaka wa 1779 yeye naye aliacha uchungaji, akaingia katika siasa. Peter, akiwa jenerali, alipigana hata ushindi wa Yorktown mwaka wa 1781. Na Bunge la kwanza chini ya Katiba mpya lilipokutana mwaka wa 1789, Peter alikuwa mbunge. Na aliyechaguliwa kuwa Spika ni nani? Ni Frederick!

Wapenzi, hatusemi kwamba kila mchungaji ashike bunduki au agombee kiti. Swali la Frederick lilikuwa swali la haki. Lakini ni rahisi kumhukumu ndugu kabla hatujafikiwa na moto uliomfikia yeye. Mmoja wetu akiacha kufundisha shule ya Jumapili na kugombea udiwani, twasema upesi, "Amerudi nyuma." Je, tumemwuliza? Tumemwombea? Paulo atukumbusha kwamba huyo ana Bwana wake, na kwa Bwana wake atasimama au ataanguka. Tuonyane kwa upendo, lakini kiti cha hukumu si chetu.

Tuombe. Ee Bwana, utuzuie ndimi zetu, utufundishe kuwachukulia ndugu zetu kama wewe unavyotuchukulia sisi. Amina.