KUCHAKULO NA MBEGU ZETU
(Maneno ya mjumbe wa Kamati ya Kilimo mbele ya mkutano wa wanaushirika)



Nimepewa nafasi nizungumzie adui wa bustani zetu za nyumbani, yule kuchakulo wa chini, anayekaa shimoni. Tunapanda mahindi na karanga, kesho yake tunakuta vishimo vimefuatana mstari mzima, mbegu hakuna. Wapo wenzetu wanaosema ushirika utoe fedha tununue sumu. Mimi nasema hapana, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tumjue mwizi. Kuchakulo hutembea mchana. Jua likizama yuko shimoni. Mbegu zikifukuliwa usiku msimsingizie, huyo huenda ni panya. Kuchakulo hunusa mbegu chini ya udongo, akipata moja anafuata mstari. Hatari kubwa ni tangu siku ya kupanda mpaka mche uimarike, kama wiki mbili hivi. Baada ya hapo, kwenye mahindi hana mbegu ya kufukua.

Tupige hesabu. Bustani ya mita 10 kwa 10, mahindi ya sentimita 75 kwa 30, mbegu moja kila shimo, ni mashimo kama 440. Akichukua shimo moja katika kila manne, mashina 110 yamekwenda. Hicho ni chakula cha watoto, jamani.

Sasa hiyo sumu. Sumu nyingi za panya haziui papo hapo. Mnyama anakula leo, anazurura siku kadhaa, ndipo anakufa. Paka, mbwa au bundi akimla, naye anaweza kufa. Bundi tunamwogopa bure. Ndiye askari wetu wa usiku, maana anakula panya. Na punje zenye sumu zikiwa bustanini, kuku hajui kusoma, wala mtoto anayetambaa. Vilevile mbegu za dukani zilizopakwa dawa ya rangi, zikibaki msizioshe mkapika, wala msiwape kuku.

Basi tufanye nini?

1. Tupande siku moja, mtaa mzima. Anayepanda peke yake ndiye anayewalisha kuchakulo wote wa kijiji.

2. Tufyeke vichaka na kuondoa marundo ya mawe na matawi kando ya bustani. Mahali peupe kuchakulo anaogopa mwewe.

3. Mbegu ifukiwe sentimita 5, udongo ushindiliwe kwa mguu. Punje zilizodondoka juu ziokotwe, maana ndizo zinazomwita.

4. Kitalu cha mboga kizungushiwe wavu wa waya wenye matundu madogo, na ukingo wake uzikwe sentimita 20, asipite chini.

5. Mitego itegwe kwenye njia zake asubuhi, ikaguliwe mara kwa mara, iondolewe jioni. Watoto waonyeshwe ilipo.

6. Tulinde kwa zamu, alfajiri mpaka magharibi, kwa hizo wiki mbili tu.

Juu ya zamu nina neno moja. Tusiwatoe watoto shuleni wakalinde bustani. Mtoto akikosa masomo wiki mbili kila msimu, tumeokoa mahindi tumempoteza yeye. Watu wazima wawili wakikaa mahali palipoinuka wanaweza kuangalia bustani kadhaa. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Mapengo yakitokea, pandeni tena mapema, msingoje. Mche uliochelewa sana hufunikwa na wenzake, hauzai kitu.

Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano uamue mambo mawili: fedha ya sumu inunue wavu wa vitalu, na kila kaya itoe mtu mmoja wa zamu.



(Mkutano umekubali yote mawili. Karatasi ya zamu imebandikwa hapa chini. Kila kaya ijiandike kabla ya mvua.)